Kaseti ya mjomba iliyorekodiwa kinyume: kuisikiliza upya Scoundrel Days ya a-ha

Swali: Shikamoo mzee. Mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alifariki mwaka jana, na katika vitu nilivyogawiwa kuna sanduku la kaseti. Moja imeandikwa kwa kalamu "A-ha ya pili". Take On Me naipenda tangu utotoni, kwa hiyo niliiweka kwa hamu. Nimesikiliza mara mbili na sijaona kitu. Inaanza na Cry Wolf, ambayo si mbaya, halafu inapoa, na wimbo wa mwisho wa upande A unakatika. Kwenye karatasi ya ndani mjomba alichora nyota pembeni ya The Swing of Things. Je, niipe nafasi nyingine, au ni albamu iliyosahaulika kwa haki yake? Msomaji, Morogoro.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu albamu uliyoishika mkononi naipenda kuliko nyingi zilizopata sifa mara kumi yake, na kwa sababu barua yako fupi imebeba ushahidi wote ninaouhitaji. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka 30 imekuwa sauti, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuhamisha kaseti na santuri za watu kwenda kwenye kompyuta. Kwa hiyo acha nianze na kaseti yenyewe kabla ya muziki. Albamu hiyo hujaisikiliza bado. Umesikiliza nyimbo zake, lakini zimepangwa mguu mbele, kichwa nyuma.

Inaitwa Scoundrel Days, ni albamu ya pili ya a-ha, bendi ya vijana watatu wa Norwei, na ilitoka Oktoba 1986. Ina nyimbo 10, tano kwa kila upande wa santuri. Upande wa kwanza unafunguliwa na wimbo uliobeba jina la albamu, zikifuata The Swing of Things, I've Been Losing You, October na Manhattan Skyline. Upande wa pili unafunguliwa na Cry Wolf, kisha We're Looking for the Whales, The Weight of the Wind, Maybe Maybe, na unafungwa na Soft Rains of April. Sasa rudi kwenye barua yako. Kaseti ya mjomba inaanza na Cry Wolf. Maana yake aliyeirekodi aliitua santuri kwenye mashine upande wa pili ukiwa juu.

Wakati ule ndivyo muziki wa nje ulivyotufikia wengi wetu. Unakwenda kwenye duka la kurekodi na kaseti tupu, unachagua jina kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, unarudi kesho yake. Mwenye duka ana foleni ya kaseti za watu, na Cry Wolf ndiyo iliyokuwa ikichezeka kwenye disko, kwa hiyo huenda aliiweka mbele kwa makusudi ili mteja afurahi mapema. Simlaumu hata kidogo. Bila watu kama yeye, mimi na mjomba wako tusingewajua hawa vijana.

Angalia pembeni ya kaseti kama kuna namba 60. Nina hakika kubwa kwamba ipo. Kaseti ya dakika 60 inabeba dakika 30 kila upande, na huo mkanda ukianzwa kwa upande wa pili wa santuri, nyimbo tano za mwanzo zinakula dakika 17 na ushee. Zinafuata Scoundrel Days na The Swing of Things, dakika nne nne. Hapo tumefika 25 na kitu. Wimbo unaobaki ni I've Been Losing You, nao ni wa dakika nne na nusu hivi, na mkanda umebakiza dakika nne tu. Ndio huo unaokatika. Sijaishika kaseti yako, lakini nakisia kwamba ukigeuza upande B utakuta October na Manhattan Skyline, kisha wanaingia wanamuziki wengine kabisa.

Na kuna jambo jingine kuhusu hapo unapokatika, jambo ambalo limewapata watangazaji wengi wa redio. Wimbo huo una mwisho wa uongo. Baada ya dakika ya tatu unasimama, unaona kabisa kwamba umekwisha, mkono unakwenda kwenye kitufe, kisha unarudi kwa nguvu kama mtu aliyeondoka katikati ya ugomvi akageuka mlangoni kusema lililobaki. Kama fundi wa duka alikuwa amesimama karibu na deki akihesabu mkanda uliobaki, ule ukimya ulimpa sababu nzuri ya kuzima. Wewe ukapoteza sehemu ambayo kwangu ndiyo moyo wa wimbo.

Kwa hiyo ulipoufikia ule upande bora, ulikuwa tayari umechoka, na wimbo wake wa tatu ulikatwa kichwa. Hiyo si njia ya kuihukumu kazi ya mtu.

Sasa tuje kwenye muziki. Unajua Take On Me, kama tunavyoijua wote. Huenda hujui jinsi wimbo ule ulivyowaharibia njia walioutunga. Ulitoka kwanza 1984 na nje ya kwao Norwei haukuenda popote. Ukarekodiwa upya chini ya mtayarishaji Alan Tarney, yule yule aliyemtungia mwimbaji Mwingereza Cliff Richard wimbo wa We Don't Talk Anymore mwaka 1979, na safari hii ukatengenezewa video ya michoro ya penseli, iliyoongozwa na Steve Barron, ambapo msichana anavutwa na mkono kuingia ndani ya kitabu cha katuni. Oktoba 1985 ukashika namba moja Marekani. Mwaka uliofuata video hiyo ikazoa tuzo sita za MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, kwa usiku mmoja.

Tanzania Bara televisheni haikuja hadi 1994. Nilikuwa kijana wa sekondari Tanga wakati ule, na niliujua wimbo ule kwa miaka mingi bila kuwa na habari kwamba kuna penseli, wala msichana, wala sura nzuri ya mwimbaji. Kwangu a-ha ilikuwa sauti inayotoka kwenye redio kaseti ya betri sita, basi. Nimekuja kuona baadaye kwamba hiyo ilikuwa bahati. Wenzetu wa Ulaya na Marekani walipewa picha kwanza, na picha ikawakaa machoni. Morten Harket, mwimbaji wao, alikuwa na uso wa kubandikwa ukutani, na uso huo ukabandikwa kweli, kwenye vyumba vya wasichana kutoka Oslo hadi Tokyo. Bendi ikahesabiwa kuwa ya watoto. Ilipokuja albamu ya pili, watu wazima hawakufungua masikio, na watoto walikuwa wanatafuta Take On Me nyingine ambayo haikuwemo. Uingereza ilifika namba 2 kwa sababu mashabiki walikuwa bado na joto. Marekani iliishia namba 74, wakati ile ya kwanza ilifika 15. Wahenga wanasema chema chajiuza. Mwaka 1986 chema kilihitaji na video.

Lakini tazama walichofanya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa walisifiwa dunia nzima, wakazidisha ukali. Walikuwa na kila sababu ya kurudia fomula ya wimbo ule, kinanda cha kurukaruka na sauti inayopanda ngazi, na kampuni ingewashukuru. Badala yake waliandika albamu ya usiku, ya mvua, ya watu wasiopata usingizi. Gitaa limesogezwa mbele. Kwenye ngoma, pale ambapo albamu ya kwanza ilitegemea sana mashine, hapa kuna mtu, Michael Sturgis, na I've Been Losing You inapata kutoka kwake uzito ambao mashine za wakati ule zisingeweza kuutoa. Tarney alibaki kama mtayarishaji, lakini Magne Furuholmen wa vinanda na Pål Waaktaar wa gitaa safari hii walishika usukani wa baadhi ya nyimbo wenyewe. Na yote hayo katikati ya ziara yao ya kwanza ya dunia, iliyoanzia Perth, Australia, Juni 1986, miezi minne tu kabla albamu haijatoka.

Hawakuwa watoto waliokusanywa na kampuni kwa sababu ya sura. Magne na Pål walikulia mtaa mmoja wa Oslo, Manglerud, na kabla ya a-ha walikuwa na bendi iitwayo Bridges iliyotoa albamu yake mwaka 1980, wakiwa bado vijana wadogo waliokuwa wamelewa muziki wa The Doors, bendi ya roki ya Marekani. Kiza unachokisikia kwenye Scoundrel Days hakikuletwa na umaarufu. Kilikuwepo tangu mwanzo. Take On Me ndiyo iliyokuwa siku moja ya jua.

Halafu kuna lugha, na hapa ndipo napenda uketi vizuri. Pål, aliyeandika maneno ya sehemu kubwa ya albamu hii, ni Mnorwe. Kiingereza alijifunza, kama wewe na mimi tulivyojifunza. Ukimsikiliza kwa makini utaona anakitumia kama mtu aliyekikuta mezani kikiwa kimefunikwa: anakigeuza, anakipima uzito, anaunganisha maneno ambayo mwenyeji wa lugha asingeyaunganisha. Kwenye wimbo wa kwanza kuna mtu anayeamka kwa kusikia ukelele, anainua kichwa kutoka kwenye mito isiyotulia, anajikata kifundo cha mkono kwa wazo baya, kisha anaelekea mlangoni. Wazo ndilo lenye makali. Waingereza wengine walionelea kwamba Kiingereza chake ni cha ajabu. Mimi nilikielewa mara moja, na nadhani ni kwa sababu na mimi naingia kwenye lugha hiyo kwa mlango wa nyuma. Mtunzi na msikilizaji wote ni wageni, wanakutana kwenye nyumba ya mtu wa tatu.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: sikiliza albamu hii kama bibi zetu wa pwani wanavyosikiliza taarab. Mwenye kuijua taarab hadanganywi na utamu wa fidla. Anajua kwamba utamu ni sahani tu, na chakula ni maneno, na maneno yamefungwa ndani ya fumbo. Kwa mara ya kwanza anasikiliza sauti, kwa mara ya pili anauliza: hapa anasemwa nani? Wewe umesikiliza mara mbili, lakini nadhani zote zilikuwa za sauti.

Chukua I've Been Losing You. Ukiupokea kwa sikio la disko ni wimbo wa mapenzi wenye mdundo mzuri, mtu analalamika kwamba anampoteza mpenzi wake. Sasa fuata maneno. Anazungumza habari ya rangi iliyooshwa kwenye macho ya mtu, na kwamba si mvua iliyoiosha. Anaweka bastola juu ya meza kando ya kitanda. Kisha anaomba kuzungumzishwa. Anamwomba nani? Yule aliye mbele yake hajibu, na wewe msikilizaji unaanza kuelewa kwa nini hajibu. Kijana mmoja mwenye sauti ya malaika anaimba kwa kunong'ona kisha kwa kupaza habari ya mtu aliyeua, na wasichana wa 1986 walikuwa wanaucheza. Nilikuwa nimeusikiliza pengine mara hamsini kabla ya siku niliyoifuatisha ile bastola kwa kidole kwenye karatasi. Nilizima redio kaseti nikakaa kimya.

Ndiyo maana ule mwisho wa uongo si mchezo wa studio. Mtu huyo hawezi kuondoka mahali pale. Wimbo unajaribu kuisha na unashindwa.

Sasa The Swing of Things, wenye nyota ya mjomba. Unaanza kwa unyenyekevu, vinanda vimetandazwa kama shuka, sauti ya Harket iko chini, karibu na sikio. Mtu hapati usingizi. Sauti ya mwingine imemjaa kichwani, kati yao kuna bahari nzima, na kitanda kina nafasi iliyobaki wazi. Beti zinapanda polepole, ngoma zinaongezeka bila kukushtua, na mwishoni sauti inafunguka yote, juu kabisa, mahali ambapo waimbaji wengi wanaanza kupiga kelele na yeye anaendelea kuimba. Weka mkono kifuani hapo uone. Nimewahi kukaa na mpiga gitaa mmoja wa bendi ya dansi, mtu mzima aliyezaliwa na rumba, nikampigia wimbo huu bila kumwambia ni wa nani. Aliomba niurudishe mara tatu, na kila mara aliinamisha kichwa sehemu ile ile, pale muziki unapobadilika kabla ya kiitikio.

Bahari katikati, na nafasi kitandani. Umeniambia mjomba alikuwa baharia. Sitaongeza neno hapo, wewe ndiye uliyemjua.

Manhattan Skyline ndio mfano bora wa jinsi vijana hawa walivyofanya kazi, kwa sababu mshono unaonekana. Sehemu ya ubeti, tulivu, ya kinanda, ni muziki wa Magne. Kiitikio, chenye gitaa linalonguruma, ni cha Pål. Ni kama nyumba mbili zilizojengwa na mafundi wawili zikaunganishwa kwa mlango mmoja. Watu wawili wanaagana kwenye mvua, mmoja anasafiri. Ubeti ni adabu ya kuagana: mwavuli, gazeti lisilolowe, maneno ya kawaida. Kiitikio ni kile ambacho mtu anakisikia tumboni wakati mdomo unasema safari njema. Sisi tuliokulia kwenye dansi tunaijua desturi hii ya wimbo wenye nyumba mbili, taratibu kwanza, chemko baadaye. Tofauti ni kwamba kwenye dansi ukishaingia kwenye chemko hurudi nyuma. Hapa wanakurudisha kwenye utulivu, kisha wanakutupa tena. Mara ya kwanza unaweza kudhani ni kosa. Upe nafasi mara ya tatu.

October upige ukiwa peke yako. Ni wimbo mdogo, wa mtu anayetembea kwenye mji usio wake. Kumbuka kwamba hawa watatu walikwenda London mwanzoni mwa miaka ya themanini bila fedha, wakaishi kwenye vyumba vya hali ya chini huku wakigonga milango ya kampuni za muziki. Ndugu zetu walioko Leicester au Minneapolis wataitambua mandhari hiyo kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Upande wa pili ni mwepesi zaidi, nami sitakudanganya kwamba unalingana na wa kwanza. Cry Wolf umeisikia, ni kibao kizuri cha kucheza. We're Looking for the Whales una kiitikio kinachong'ang'ania kichwani siku nzima. The Weight of the Wind unakwenda mbio na una kiza chake, nausikiliza zaidi kadiri umri unavyosogea. Maybe Maybe ni utani wa dakika mbili na nusu juu ya mtu aliyetupwa nje ya gari likiwa kwenye mwendo akaanza kushuku kwamba penzi limekwisha. Ndio wimbo dhaifu kuliko yote, na kama ungekuwa umetolewa nisingeulilia. Vinanda vya albamu nzima vimebeba tarehe yao, hilo pia ni kweli. Kuna milio inayokuambia 1986 hata ukiwa umefumba macho. Nimeacha kuhesabu jambo hilo kuwa kasoro. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe nalo linakuambia mwaka wake, na hatulipendi kidogo kwa sababu hiyo.

Kisha Soft Rains of April. Kwenye kaseti yako umezikwa katikati ya upande A, ukifuatwa na wimbo mwingine mara tu unapokwisha, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hata ule uliokatwa. Mtu yuko mbali na kwao na hawezi kurudi. Anawaza mvua ya huko nyumbani, kama inanyesha. Kwetu pwani Aprili ni masika, mvua haina ulaini wowote, inapiga bati mpaka huwezi kusikia redio. Nilipokuwa kijana jina la wimbo lilinishangaza kwa sababu hiyo: mvua gani ya Aprili iliyo laini? Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu akiwa mbali vya kutosha, hata masika atayakumbuka kwa upole. Mwishoni muziki unanyamaza, na Harket anatoa neno moja peke yake, lenye maana ya kwamba imekwisha. Hakuna mwangwi wa kukupokea. Albamu imefungwa. Neno hilo limewekwa pale ili lifuatwe na ukimya na mlio wa sindano kwenye mfereji wa mwisho wa santuri. Kwenye kaseti yako linafuatwa na wimbo wa ufunguzi. Ni sawa na kumsikia mtu akisema kwaheri halafu akabisha hodi.

Umeuliza kama imesahaulika kwa haki. Ningekuomba uwatazame wanamuziki wenyewe wanavyoifanyia. Juni 2017 a-ha walikwenda Giske, kisiwa kidogo magharibi mwa Norwei, wakarekodi nyimbo zao bila mitambo mikubwa ya umeme mbele ya watu wachache. Walimwalika Ian McCulloch, mwimbaji wa Echo & the Bunnymen, bendi ambayo wakosoaji wa miaka ya themanini waliiheshimu kama walivyowadharau hawa. Wimbo wao alioimba nao ulikuwa Scoundrel Days. I've Been Losing You waliuimba na Lissie, mwanamke wa Kimarekani, na ile sauti ya kike kuingia kwenye hadithi ya bastola inaugeuza wimbo wote. Sasa anayeomba kusemeshwa na aliyenyamazishwa wote wana mdomo. Itafute baada ya kuizoea ya asili, usianze nayo.

Na kama hukupata habari, Juni 2025 Harket alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, unaoathiri ubongo na mwendo wa mwili. Tangu nilipoisikia habari hiyo, sauti ile inayopanda mwishoni mwa The Swing of Things naisikia kwa namna nyingine, nami nimeanza kuwapigia watu albamu hii bila kungoja waniulize.

Sasa vitendo. Kabla ya lolote, usiipige tena kaseti ya mjomba mpaka umesafisha mashine. Kaseti iliyokaa miaka mingi kwenye sanduku inaacha unga wa kahawia kwenye hedi, kile kipande cha chuma kinachosoma mkanda, na unga huo unaziba sauti za juu. Sehemu ya kile unachokiita kupoa inaweza kuwa uchafu tu. Chukua pamba, iloweshe kidogo kwa spiriti ya hospitali, ufute hedi na kile kigurudumu cha mpira kinachovuta mkanda mpaka pamba itoke nyeupe. Acha ikauke dakika tano. Kisha zungusha kaseti mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma yote bila kuipiga, ili mkanda ulionata uachane. Kama inazunguka kwa shida usilazimishe, tumia kalamu ya Bic kwa mkono, taratibu.

Kwa usikilizaji wenyewe, tafuta albamu kwenye simu ikiwa katika mpangilio wake. Kuna toleo la 2010 lililosafishwa sauti, lina na rekodi za majaribio, lakini kwa sasa ishia kwenye zile nyimbo 10. Vaa hedifoni, spika ya simu haina besi na albamu hii imejengwa juu ya besi. Ngoja usiku, taa ikiwa imezimwa kama inawezekana. Piga upande wa kwanza, nyimbo tano, dakika 21 hivi. Simama hapo. Nenda kanywe maji, kama vile ungeinuka kugeuza santuri, kwa sababu waliopanga nyimbo hizi walijua utainuka. Ndipo upige upande wa pili hadi lile neno la mwisho, na usiruhusu simu ikurukie na wimbo mwingine.

Kesho yake soma maneno. Lugha usiiogope. Mwandishi naye aliitafuta kwenye kamusi.

Ukishafanya hivyo, rudi kwenye kaseti. Usirekodi kitu juu yake na usiitupe kwa sababu nimekwambia imepangwa vibaya. Mjomba aliisikia hivyo, Cry Wolf kwanza, na hata baada ya hizo tano za mbele alikuwa bado na sikio la kuuchorea nyota wimbo wa saba. Kama kuna mtu wa duka la jirani anayeweza kuihamisha kwenye kompyuta, ahamishe pande zote mbili nzima, pamoja na ule mkato na chochote kilichofuata upande B. Na karatasi ya ndani uipige picha mbele na nyuma. Mara nyingi nyuma ya karatasi hizo watu waliandika tarehe, na wakati mwingine jina la bandari.